Vijiti Vinne, na Simu Haiiti

Ni sisi tena, walimu watatu wa kujitolea, tumepewa ukurasa huu wa familia. Mwezi huu hatutazungumzia mahudhurio ya watoto wala usafi wa vyoo. Tutazungumzia simu, na hasa kile kitu ambacho sisi tuliotoka Fizi na Uvira tunakiita rezo, wenyeji wetu Watanzania wanakiita netiweki, na vitabuni kinaandikwa mtandao.

Mtauliza, mambo ya mtandao yanaingiaje kwenye ukurasa wa familia? Yanaingia kwa mlango wa mbele kabisa. Angalieni nyumba zetu. Baba yuko hapa Kigoma, bibi amebaki Baraka, mjomba yuko Nakivale kule Uganda, dada alishapelekwa Marekani. Ukoo mzima hauwezi kukaa tena kwenye mkeka mmoja. Unakutana kwenye simu, tena mara nyingi ni simu moja inayotumiwa na nyumba tatu. Habari ya ugonjwa, ya msiba, ya mahari, ya pesa ya daftari za watoto, yote inapita humo. Kwa hiyo mtandao ukiwa mbaya, ubaya wake unaingia mpaka ndani ya nyumba.

Na tumeona unavyoingia. Tumeona ndugu wawili wameacha kusalimiana kwa sababu mmoja "hapatikani". Tumeona mama analia kwamba mtoto wake wa ng'ambo amewasahau, kumbe mtoto anapiga kila jioni na simu haiingii. Tumesikia wazazi wanamtuma binti saa 2 usiku aende mpaka kwenye kichuguu kule pembeni, eti ndipo rezo inapopatikana. Mambo haya ndiyo yaliyotufanya tushike daftari.

Swali lenyewe lililetwa na mwanafunzi. Tulikuwa tunafundisha darasa la sita habari za sauti na mawimbi, akanyoosha mkono: "Mwalimu, simu ya baba inasoma vijiti vinne, mbona haiiti?" Swali zuri sana! Basi tukaazima kitochi kimoja na simu moja ya tachi, tukapata laini za makampuni matatu, tukazunguka kambi kwa wiki mbili, asubuhi, mchana na mapema jioni. Makampuni hatutayataja, kwa sababu laini inayosumbua kwako inaweza kuwa ndiyo nzuri kwa jirani wa kanda nyingine. Tunachotaka ni kila familia ijue kupima yenyewe.

MTANDAO NI KAMA BOMBA LA MAJI

Watu wengi wanasema tu "rezo ni mbaya". Lakini ubaya uko wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake. Hebu tufikirie bomba la maji la kijiji chetu.

Swali la kwanza: je, bomba limefika kwenu? Kama halijafika, hata ukiwa na madumu kumi hutachota kitu. Swali la pili: bomba lina koki ngapi, na watu ni wangapi? Bomba linaweza kuwa mlangoni kwako, lakini kama koki ni sita na akina mama ni mia, utakaa foleni mpaka jua lizame. Swali la tatu: je, maji yenyewe ni safi, au yanatoka na matope, yanakatika katikati ya dumu?

Mtandao uko hivyo hivyo. Tuulize: Unafika? Unabeba? Ni mzuri? Vijiti vya kwenye simu vinajibu swali la kwanza peke yake, tena nusu. Ndiyo maana baba wa yule mwanafunzi alikuwa na vijiti vinne na simu haiiti. Bomba lilikuwa mlangoni, koki zimejaa watu.

SWALI LA KWANZA: UNAFIKA?

Vijiti vinaonyesha jinsi simu yako inavyousikia mnara. Havionyeshi kama mnara unakusikia wewe. Mfikirieni yule anayetangaza siku ya mgao kwa kipaza sauti. Ninyi wote mnamsikia, hata aliye mbali. Lakini ukimjibu kwa mdomo mtupu, hakusikii. Mnara ndiye mwenye kipaza sauti. Kitochi chako, hata kikijitahidi kabisa, kinatoa nguvu isiyozidi wati 2. Kwa hiyo inatokea unasikia "halo, halo" ya mwenzako lakini yeye hakusikii, au simu inasoma kijiti kimoja na ukipiga haiendi.

Tena simu ikiwa mbali na mnara inapandisha nguvu yake ili isikike, na hiyo nguvu inatoka kwenye betri. Ninyi mnaokaa pembezoni mwa kambi mnaolalamika kwamba betri zinaisha upesi, wakati mwingine betri haina kosa. Simu inapiga kelele siku nzima kuutafuta mnara. Na kuchaji ni pesa. Kama unajua uko mahali ambapo mtandao haufiki kabisa, izime, uiwashe saa mliyokubaliana na ndugu.

Umbali una mpaka. Kwa simu za 2G mpaka wa kawaida ni kilomita 35 kutoka kwenye mnara, hata kama ni tambarare tupu. Sababu yake ni kwamba kila simu hupewa zamu fupi sana ya kusema, na ikiwa mbali kuliko hapo, mawimbi yake yanafika zamu imeshapita. Lakini kwa kawaida taabu huanza mapema zaidi, kwa sababu ya vizuizi. Bonde linazuia. Miti mizito inapunguza. Ukuta mnene wa matofali unapunguza. Na bati, ndugu zangu, bati ni chuma, linarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kwenye chumba kimoja cha shule chenye bati, laini moja ilisoma kijiti kimoja. Tulipotoka nje hatua tano tu, ikasoma vitatu. Kwa hiyo kabla ya kutembea kilomita mbili kutafuta rezo, tokeni kwanza nje ya nyumba, msogee mahali pa wazi, mgeuke pande zote.

Tena kuna masafa. Mawimbi ya masafa ya chini, kama 900, yanakwenda mbali kuliko ya 1800 na zaidi. Ya juu yanachoka mapema. Ndiyo maana mara nyingi unapata 2G vizuri mahali ambapo 4G imepotea. Na simu nyingi za tachi zikiwa kwenye 4G, ukitaka kupiga ya kawaida zinashuka kwanza kwenye 3G au 2G ndipo ziite. Kushuka huko kunachukua sekunde kadhaa, na wakati mwingine simu inapotelea humo humo. Kama unasubiri simu muhimu na uko mahali 4G inapoyumba, ingia kwenye mipangilio ya simu uchague 2G au 3G. Bando litakwenda polepole, lakini simu itaita.

Mtu mwenye simu ya tachi anaweza kupima vizuri kuliko vijiti. Kwenye mipangilio, sehemu ya habari za simu, panaandikwa nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa, kwa mfano -75 au -105. Isomeni kama deni. Deni la 75 ni nafuu kuliko deni la 105. Kwa 2G, ikipita -100 tarajia taabu. Kwa 4G inahesabiwa kwa njia nyingine, kwa hiyo linganisheni 2G na 2G, 4G na 4G, msichanganye.

SWALI LA PILI: UNABEBA?

Hapa ndipo penye siri kubwa ya kambi. Sisi ni watu wengi mahali padogo, na wote tunapiga wakati mmoja.

Mnara haubebi watu bila mwisho. Katika 2G, chaneli moja inagawanywa nafasi 8. Nafasi nyingine zinatumika kwa kazi ya mtandao wenyewe, yaani kuita simu na kupitisha ujumbe. Kwa hiyo mnara wenye chaneli mbili tu upande wa kijiji chenu unabeba mazungumzo kama 14 hivi kwa mara moja upande huo. Wa 15 anaambiwa asubiri. Kampuni inaweza kubana sauti ili nafasi moja ibebe watu wawili. Hapo watu wanaongezeka, lakini sauti inakonda. 3G na 4G zinabeba zaidi, ila nazo zinagawana. Watu mia wakivuta video kutoka mnara mmoja, kila mmoja anapata tone.

Dalili za mtandao uliojaa ni hizi. Vijiti vipo, lakini ukipiga unasikia "tii-tii-tii" ya haraka. Au unaambiwa mwenzako hapatikani, na yeye amekaa karibu yako na simu mkononi imewaka! Au maandishi ya WhatsApp yanapita, picha inazunguka tu.

Sisi tulipima hivi. Tulisimama mahali pamoja nyuma ya shule, vijiti vinne, laini ile ile. Saa 12 asubuhi tulipiga mara 10 kwa simu ya mwenzetu aliyekuwa upande wa pili wa kambi, ikiita tu tunakata. Ziliita zote 10. Saa 1 jioni tukarudia mara 10. Ziliita 4. Vijiti havikupungua hata kimoja. Siku iliyofuata tukarudia, tofauti ikawa ile ile. Kipimo hiki hakili salio, maana hakuna anayepokea. Mnaweza kukifanya nyumbani, lakini msifanye watu wote jioni moja, mtakuwa ninyi ndio mnaojaza koki!

Basi dawa ya ujazo ni saa. Haihitaji kununua laini mpya wala kupanda kichuguu. Na hapa tunasema na wazazi kwa heshima yote: msimtume binti usiku kutafuta rezo. Mara nyingi kinachowasumbua jioni ni foleni, na foleni hiyo iko hata kule kwenye kichuguu. Atatembea gizani, atasimama peke yake na simu inayowaka mkononi, atakuta koki zile zile zimejaa. Afadhali mpige alfajiri, mkiwa nyumbani wote, salama.

Na kama habari haiwezi kusubiri, tumeni SMS. SMS inapita kwenye kinjia kidogo cha mtandao wenyewe, haihitaji nafasi ya mazungumzo, ndiyo maana mara nyingi inapita wakati simu inakataa. Tena ikimkosa mwenzako, inahifadhiwa kwa muda na kampuni, akiwasha simu inaingia. SMS moja ina herufi 160. Zinatosha kusema jambo kubwa kama ukianza na jambo lenyewe badala ya salamu za watu kumi na wawili.

SWALI LA TATU: NI MZURI?

Simu inaweza kuita, ikapokelewa, na bado ikaleta balaa. Tuna jirani, mzee anayeheshimika sana katika kijiji chetu. Dada yake alimpigia kutoka Baraka. Mzee alisikia: "Kaka, mama amela..." na simu ikakatika. Alipiga tena na tena, haiendi. Sasa ninyi mnajua lugha yetu. Mzee wa miaka themanini akisemwa kwamba amelala, kila mtu anaelewa ni kulala gani huko. Kilio kikaanza. Majirani tulikusanyika, mkeka ukatandikwa, kila nyumba ikaleta unga na kuni, watu wakalala nje siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi ikaingia SMS. Mama amelazwa hospitali, ameongezwa damu, anaendelea vizuri, anawasalimu. Amelazwa! Silabi moja iliyopotea njiani iliwalisha watu wa kijiji kizima unga wa mgao wao. Tulicheka, ndiyo, na bibi tunamshukuru Mungu. Lakini mzee alikonda siku zile mbili, na wajukuu zake hawakuja shule.

Huo ndio ubora. Mnaupima kwa mambo manne. Moja, inachukua sekunde ngapi tangu kubonyeza mpaka simu kuita? Mbili, je, inakatika katikati? Kati ya simu kumi zilizopokelewa, ngapi zilimalizwa na ninyi wenyewe na ngapi zilimalizwa na mtandao? Tatu, mnasikiana wote wawili au mmoja tu? Nne, sauti inakuja nzima au inakuja vipande, na maneno yanachelewa?

Tena mjue ubaya uko upande gani. Simu ya kwenda Baraka inapita kwenye mnara wa hapa, kampuni ya hapa, njia ya kuvuka mpaka, kampuni ya kule Congo, na mnara wa kule. Ni kama mzigo unaopita kwa wabebaji watano. Ili kujua nani anaangusha, piga kwanza kwa mtu wa hapa hapa kambini kwa laini ile ile. Kama mnasikiana vizuri, mnara wenu hauna kosa, kosa liko mbele. Kama hata wa hapa anakatika, tatizo liko kwenu, na hata ukibadilisha saa ya kumpigia bibi haitasaidia sana mpaka ubadilishe mahali au laini.

Na kwa habari nzito, sisi walimu tunashauri desturi tatu. Anza na habari yenyewe, salamu baadaye. Mwambie mwenzako arudie alichosikia, kama tunavyofanya imla darasani. Halafu malizia kwa SMS yenye maneno yale yale. Mkeka wa msiba usitandikwe kwa neno nusu.

"HAPATIKANI" SI JIBU LA NDUGU YAKO

Neno hili limevunja nyumba nyingi. Sauti ya yule dada wa kampuni inasema namba haipatikani kwa sasa, na sisi tunasikia "ndugu yako hakutaki". Lakini ile ni mashine. Inasema hivyo simu ikiwa imezimika chaji, ikiwa nje ya mnara, mnara ukiwa umekosa umeme au mafuta ya jenereta, na wakati mwingine hata mtandao ukiwa umejaa. Mashine haijui moyo wa mtu.

Mnakumbuka Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025. Umeme ulikatika mjini, na wengi wetu hapa tulipiga namba za ndugu siku nyingi bila kupata mtu. Kuna waliosema, "Basi, wamekwisha." Wengine wakasema, "Wamefika mahali pazuri, wanatuficha." Baadaye simu zikaanza kuingia moja moja. Watu walikuwa hai, wamekaa gizani na simu zilizokufa.

Kwa hiyo kabla ya kumhukumu mtu, mfanyie vipimo vitatu. Mpigie saa tofauti, siku tofauti. Tuma SMS, uone kama taarifa ya kufika inarudi. Mpigie kwa laini ya kampuni nyingine. Ukishafanya yote hayo kwa wiki mbili, hapo unaweza kuanza kuulizia kwa watu.

Jambo dogo lakini muhimu: mkubaliane saa, tena mseme ni saa ya wapi. Kivu iko nyuma yetu kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili. Ikiwa hapa ni saa 1 asubuhi, Uvira ni saa 12. Mkisema tu "saa 1 Jumapili", kila mmoja ataamka kwa saa yake, mmoja atakuta mwenzake amezima, na ugomvi utaanza juu ya kitu ambacho hakipo.

PESA INAPOKWAMA NJIANI

Pesa za simu nazo zinapita kwenye mtandao huo huo. Ukiwa kwenye menyu, mtandao ukajaa, menyu inajifunga bila kukuambia kama pesa imekwenda au bado. Hapo usirudie kutuma! Angalia kwanza salio lako. Kama limepungua, pesa imekwenda, ujumbe ndio umechelewa. Kama halijapungua, subiri kidogo ndipo ujaribu. Na anayetegemea pesa ya ndugu asikubali neno la mtu kwamba "nimeshatuma, ni rezo tu" mpaka aone salio lake mwenyewe. Vile vile asimwite ndugu mwongo kabla ya kuliangalia. Shughuli za pesa zifanyeni asubuhi, koki zikiwa wazi, na namba ya siri msimpe mtu hata kama ni yeye anayekusaidia kubonyeza.

DAFTARI LINA NGUVU

Kitu cha mwisho. Mtu akienda kwa wakala na kusema "mtandao wenu mbovu", wakala atamwambia pole, na mambo yanaisha hapo. Lakini ukienda na ukurasa ulioandikwa tarehe, saa, mahali, laini, na kilichotokea, hiyo ni habari ambayo fundi anaweza kuifanyia kazi. "Siku tano mfululizo, saa 1 jioni, nyuma ya shule, vijiti vinne, kati ya simu 10 ziliita 4." Fundi anaelewa mara moja kwamba hapo hakuna tatizo la kufika, kuna tatizo la kubeba.

Nchini hapa Tanzania kuna Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kuna kanuni za ubora wa huduma za mwaka 2018. Makampuni yanatakiwa kufikia viwango, na malalamiko huanza kwa kampuni kwanza, yakishindikana ndipo yaende kwa Mamlaka. Pia tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhama kampuni akabaki na namba yake. Lakini msihame kwa hasira ya siku moja. Azimeni kwanza laini ya jirani, mpime mahali mnapolala, asubuhi na jioni, ndipo mwamue.

Sisi tulinakili kurasa zetu, tukampa wakala mmoja na viongozi wa kanda. Wakala alizipokea, akasema atazipeleka. Mpaka tunaandika haya hatujapata jibu, tutaendelea kuuliza. Lakini daftari limeshafanya kazi moja bila kusubiri kampuni. Akina mama wa kikundi kimoja cha ushonaji waliposoma saa zetu, walikubaliana na ndugu zao wa kule kupigiana alfajiri ya Jumapili. Mama mmoja kati yao alikuwa hajasikia sauti ya mwanawe kwa miezi minne na alishaapa kutomtaja tena. Jumapili ya pili simu iliita. Waliongea dakika sita. Alichotuambia ni kwamba kijana naye alikuwa na hasira, alidhani mama ndiye anayekata.

Basi, kazi ya nyumbani kwa kila familia. Chukueni karatasi, mchore mistari mitano: siku, saa, mahali, laini, matokeo. Wapeni watoto wa darasa la tano na la sita wajaze kwa wiki moja, mchana, wakiwa karibu na nyumba, na mzazi ajaze za alfajiri na jioni. Mkimaliza, leteni shuleni. Tutaziunganisha zote, na katika toleo lijalo tutachapa ramani ya kambi yetu, kanda kwa kanda, ionyeshe wapi mtandao unafika, saa ngapi unabeba, na wapi sauti inakuja nzima.

Tunawatakia mwezi mwema. Wasalimieni wote mtakaowapata hewani, na wale msiowapata, wapigieni tena kesho asubuhi.